Jinsi ya kuulinda msitu usio na barabara kabla katapila halijaingia

Niseme mapema hii ni ndefu, na sijawaandikia wataalamu wa misitu. Nimemwandikia mtu ambaye kuna msitu anaujua, mpaka leo gari haliingii humo, na sasa ameanza kusikia maneno maneno, mara kuna watu wamepita na vipimo, mara kuna kampuni ya magogo, mara kumbe chini kuna madini, na kila akiuliza anaambiwa bado ni mipango tu. Hiyo "bado ni mipango tu" ndo muda wenyewe wa kufanya kazi. Ukisubiri usikie msumeno umeshachelewa.

Cha kwanza kabisa, badilisha unachopigania. Wengi wetu tunapigania miti, tunapiga picha za visiki, tunasambaza visiki. Pigania barabara. Gogo la tani kadhaa likianguka sehemu ambayo lori halifiki, kwa kampuni halina maana yoyote, na mtambo wa kuchoronga, yaani wa kutoboa ardhi kutafuta madini, haubebwi kichwani, kwa hiyo wote wawili, mkata magogo na mchimba madini, wanaanza na hitaji lile lile, njia ya kupitisha mashine. Na njia ikishakuwepo haichagui mpitaji. Leo inapitisha magogo, kesho anaingia mwindaji na pikipiki, alafu mchoma mkaa, alafu mtu wa shamba, alafu moto. Kule Amazon watafiti walipima, matokeo yakatoka 2014, ikaonekana asilimia 95 ya msitu uliofyekwa uko ndani ya kilomita 5.5 kutoka barabarani au kilomita 1 kutoka mto unaopitisha boti. Bonde la Kongo nako barabara zilikuwa kama kilomita 143,700 mwaka 2003, kufika 2018 zikawa kama 230,800. Na kuna utafiti wa 2016 uliochora dunia nzima, ukakuta barabara zimeikata nchi kavu vipande kama laki sita, zaidi ya nusu ya hivyo vipande havifiki hata kilomita moja ya mraba, na vinavyozidi kilomita za mraba 100 ni asilimia 7 tu. Kwa hiyo kama una msitu mkubwa ambao haujachanwa jua una kitu adimu, na ukikaa na wakubwa tumia hilo neno, adimu, achana na "mzuri". Uzuri hauna kipengele kwenye fomu zao.

Chora ramani yako kabla ya kufungua mdomo

Usiende kwenye ofisi yoyote na maneno matupu. Ingia Global Forest Watch, tovuti ya kufuatilia misitu kwa setilaiti, ni bure, simu yako inatosha, chora mpaka wa msitu wako, uuhifadhi, alafu jiandikishe upate tahadhari kwenye barua pepe kila mfumo ukiona miti imepungua humo ndani. Kuna tahadhari zinazotokana na picha za kawaida za setilaiti na kuna zinazotokana na rada, za rada ndo muhimu kama msitu wenu una mawingu mwaka mzima maana rada inapenya mawingu. Ukitaka kuona picha yenyewe kwa macho yako, setilaiti za Sentinel-2 za Ulaya zinapita karibu kila siku tano na picha zake ni bure, nukta moja ya picha ni mita 10 ardhini, njia ya lori inaonekana.

Barabara ya magogo utaijua kwa tabia yake. Ni mstari mwembamba wenye rangi ya udongo, mara nyingi unafuata mgongo wa kilima kwa sababu juu hakuna mito mingi ya kuvuka, na kila baada ya umbali fulani kuna kidoa kikubwa, hapo ndo yadi ya kukusanyia magogo. Ya utafiti wa madini inajigawa kama vidole na mwisho wa kila kidole kuna kiwanja kidogo cha mraba, hapo wamechoronga. Ila sasa usikurupuke, tahadhari moja inaweza kuwa maporomoko ya udongo au miti iliyoangushwa na upepo au mto umehama, subiri picha ya pili ya tarehe tofauti, na kama kuna mtu anaweza kufika aende. Kampeni ikipiga kelele mara moja kwa kitu ambacho hakipo, mara ya pili hata waandishi wa habari hawapokei simu.

Huyo anayeenda awashe lokesheni kwenye kamera, apige picha ya karibu na ya mbali, na aandike kwenye daftari tarehe, saa, alichoona, na kwa ukurasa tofauti alichosikia. Hivi viwili visichanganywe kabisa, wakili wa upande wa pili anatafuta hapo hapo. Alafu kitu kidogo ambacho kimeharibu ushahidi wa watu wengi: ukituma picha kwa WhatsApp kama picha ya kawaida inabanwa na taarifa za mahali na muda zinafutika. Itume kama dokumenti, na faili la kwanza libaki kwenye simu iliyopiga.

Kuhusu ukubwa, kuna kipimo cha kimataifa cha misitu mikubwa isiyovurugwa kinachoanzia hekta 50,000, na Marekani walipokuwa wanaorodhesha maeneo yao yasiyo na barabara kwa kawaida walianzia ekari 5,000, kama hekta 2,000 hivi. Wako ukiwa mdogo zaidi usivunjike moyo, hizo ni namba za kuingizia kwenye orodha. Msitu mdogo unaoshika chanzo cha maji cha wilaya nzima una hoja nzito kuliko mkubwa ambao hakuna mtu anayeuhitaji kesho asubuhi.

Fuatilia makaratasi, katapila linakuja nyuma yake

Hakuna barabara inayoanzia porini, zote zinaanzia kwenye faili. Tafuta majibu matatu: ardhi ile kisheria ni ya nani na iko kwenye kundi gani la hifadhi, nani ana haki ya kuvuna miti, na nani ana haki ya kilichoko chini. La tatu watu wanalisahau sana. Nchi nyingi madini ni mali ya serikali hata kama juu ni shamba lako au msitu wa kijiji, na sheria ya madini mara nyingi ina nguvu kuliko ya misitu. Hata ile kanuni maarufu ya Marekani ya mwaka 2001, inayozuia kujenga barabara na kukata magogo kwenye ekari milioni 58.5 za misitu ya taifa, karibu hekta milioni 23.7, haikufuta haki za madini zilizokuwepo chini ya sheria yao ya mwaka 1872. Mwenye haki halali ya madini bado anaweza kudai njia. Kwa hiyo ukiambiwa "msitu huu umelindwa" uliza umelindwa dhidi ya nini hasa, na kwa kifungu kipi.

Leseni za madini siku hizi hazijifichi sana, nchi kibao za Afrika zikiwemo Kenya, Uganda, Zambia na DRC zimeweka ramani ya leseni mtandaoni, unaona kipande, jina la mwenye leseni, aina yake na inaisha lini. Piga skrinishoti kila mwezi maana zinabadilika. Ukiona leseni ya utafutaji juu ya msitu wenu usilale ukasema aah huu ni utafiti tu. Utafiti ndo unaoleta barabara ya kwanza. Mtambo wa kuchoronga unahitaji njia, kambi inahitaji njia, mafuta yanahitaji njia, na hii hatua ndo ambayo sheria nyingi zinadai tathmini nyepesi au hazidai kabisa. Kampuni ikija kuomba leseni kubwa ya uchimbaji miaka minne baadaye inasema eneo tayari lina barabara, tayari limevurugwa, mnalinda nini?

Mchezo mwingine wa kuangalia ni kuukata mradi vipande. Barabara inaombewa kibali na wizara moja kama barabara ya huduma kwa wananchi, mgodi unaombewa kwingine, umeme kwingine, bwawa la topesumu (mabaki ya mgodi) kwingine, kila kipande peke yake kinaonekana kidogo. Ukiona barabara ya "kijamii" inayoishia sehemu isiyo na kijiji hata kimoja, weka ramani ya leseni juu yake uone inaishia wapi.

Ripoti ya tathmini, wapi pa kusoma

Ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira inakuja kurasa mia tano na una siku chache za kutoa maoni. Usianze ukurasa wa kwanza. Nenda kwenye sura ya njia mbadala, sheria nyingi zinadai mradi ulinganishwe na njia nyingine ikiwemo kutojenga kabisa, na hapo ndo pananyong'onyea kuliko kwingine, unakuta nusu ukurasa. Alafu angalia tarehe za kazi ya uwandani: walikaa siku ngapi, msimu gani, kama walienda kiangazi tu hawawezi kukuambia kuhusu mito na vyura na udongo unavyoporomoka masika. Alafu orodha ya wanyama na mimea, nimeona orodha zenye viumbe ambavyo haviishi kabisa ukanda ule, maana yake mtu kanakili ripoti ya mradi mwingine, na hilo peke yake linatosha kuomba ripoti ikataliwe. Mwisho tafuta kama wamehesabu kitakachofuata baada ya barabara, wahamiaji, uwindaji, mashamba. Mara nyingi wanahesabu miti iliyoko kwenye mkuza tu, mita thelathini kwa urefu wa barabara, wanazidisha, wanakuambia athari ni hekta chache. Hapo ndo unaweka ile namba ya kilomita 5.5, pande zote mbili.

Maoni yako yaandike kwa ukurasa na aya: ukurasa 212 mnasema hivi, picha ya tarehe fulani inaonyesha vile, naomba jibu. Barua elfu kumi zenye maneno yale yale ofisi inazihesabu kama hoja moja. Sisemi wingi hauna maana, ile kanuni ya Marekani ilipita baada ya mikutano ya wazi zaidi ya 600 na maoni zaidi ya milioni 1.6, na wanasiasa huwa wanahesabu vichwa hata kama wataalamu hawahesabu. Ila mahakamani inabaki hoja mahususi. Na sehemu nyingine usipotoa maoni wakati dirisha liko wazi unapoteza haki ya kupinga baadaye, kwa miradi mingi ya misitu ya taifa ya Marekani ndivyo ilivyo, ukitaka kuweka pingamizi waanze kukuona kwenye faili la maoni. Kwa hiyo tuma hata kama umechoka, na pokea muhuri au risiti ya kupokelewa.

Watakuja na hoja mbili kila mahali. Ya kwanza ni moto, kwamba bila barabara zimamoto hawafiki. Kuna ukweli kidogo humo, gari likifika kuzima ni rahisi zaidi, ila uliza moto unawashwa na nani. Marekani walichambua rekodi za miaka ya 1992 hadi 2012, asilimia 84 ya mioto iliyorekodiwa ilianzishwa na watu, na watu wanafuata barabara. Hata ile kanuni yao inaruhusu barabara kama kuna hatari ya moto inayokuja mbele ya macho, pia inaruhusu kupunguza miti midogo, kwa hiyo hoja ya moto haihitaji kufungua msitu wote. Ya pili ni "barabara ya muda". Hii usiikatae kwa kelele, idai iandikwe. Itafungwa tarehe gani, madaraja na makalvati yatang'olewa na nani, udongo ulioshindiliwa utatifuliwa vipi ili miti irudi, na dhamana ya pesa ya kufanya hiyo kazi imewekwa benki gani kabla ya kazi kuanza. Ukiuliza hilo swali la dhamana kwenye mkutano mzima unanyamaza. Kwenye vitalu vya magogo vya Bonde la Kongo zile barabara za zamani nyingi ziliachwa zikaota majani, asilimia 44 ya zilizokuwepo 2003 zilikuwa zimetelekezwa kufika 2018, kwa hiyo msitu unaweza kurudi kama njia imefungwa kweli na hakuna mtu aliyehamia. Ni sharti linalotekelezeka, wasikuambie haiwezekani.

Alafu kuna hoja ambayo wahifadhi wengi hawaitumii na ni nzuri kwa watu wa hesabu: barabara zilizopo haziwezi hata kutunzwa. Misitu ya taifa ya Marekani ina barabara kama kilomita laki sita, na wakati kanuni inaandikwa deni la matengenezo lilikuwa dola bilioni 8.4. Moja ya sababu walizoandika wao wenyewe ni hiyo, tunajenga mpya za nini wakati za zamani zinabomoka na kumwaga tope mitoni? Nenda kaulize bajeti ya matengenezo ya barabara za misitu kwenu.

Watu wanaoishi pembeni ya msitu

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndo kampeni nyingi zinafia. Kama unaishi mjini na msitu uko kwa watu wengine, hao watu ndo wenye kauli ya kwanza na ya mwisho, we ni msaidizi wa makaratasi. Tamko la Umoja wa Mataifa la haki za watu wa asili la mwaka 2007 linataka ridhaa yao, ya hiari, itafutwe mapema na wakiwa na taarifa kamili. Mapema maana yake kabla ya kibali, sio kabla ya sherehe ya uzinduzi. Taarifa kamili maana yake ramani kwa lugha wanayoielewa, na mabaya yametajwa. Kusaini karatasi ya mahudhurio ya mkutano sio ridhaa, na kampuni zinaitumia hivyo kila siku, kwa hiyo waambie watu wasisaini karatasi isiyo na kichwa cha habari juu.

Na usiwadanganye kuhusu barabara. Mama mjamzito anayebebwa kwa machela kwa muda wa saa sita hana sababu ya kukusikiliza ukimsifia bioanuwai. Anataka barabara na ana haki ya kuitaka. Kinachofanya kazi ni kutenganisha vitu viwili, barabara ya kufikia watu na barabara ya kufikia magogo, ukiziweka kwenye ramani mara nyingi hazipiti sehemu moja. Mnaweza kudai ya kuzunguka nje ya msitu inayounganisha vijiji vingi zaidi, mnaweza kudai zahanati isogezwe, boti ya dharura kama kuna mto, mnara wa simu. Serengeti ilikuwa hivyo hivyo, kupinga lami ya kukatisha kaskazini mwa hifadhi kulikwenda pamoja na pendekezo la njia ya kuzunguka kusini ambako watu ni wengi zaidi, na mwaka 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki ikaizuia ile ya kaskazini. Nigeria nako jimbo la Cross River lilitaka barabara kuu ipite kwenye hifadhi ya taifa na msitu wa jamii ya Ekuri, tena mwanzoni walitaka kuchukua kilomita 10 kila upande wa barabara, kilomita 10! Barabara gani hiyo? Wenyeji wakagoma, wakaandika, wakapeleka malalamiko nje, na 2017 njia ikahamishwa. Ekuri walikuwa wanausimamia msitu wao miaka mingi kabla ya hapo na dunia ilishawapa tuzo 2004, kwa hiyo serikali haikuweza kusema pale ni pori lisilo na mwenyewe.

Hilo ndo la kujifunza kwao, tafuteni hati mapema. DRC tangu amri ya 2014 jamii inaweza kuomba msitu wake hadi hekta 50,000, nchi nyingine zina misitu ya vijiji kwa majina tofauti. Mchakato unachosha, mipaka na majirani inaleta ugomvi, mikutano haiishi. Fanyeni tu. Kampuni ikikuta mwenye hati inabidi ikae mezani, ikikuta pori la serikali inamalizana na serikali.

Na mkubaliane mapema nani anaongea. Mbinu ya zamani kuliko zote ni kumchukua mzee mmoja, kumpa gari au ajira ya mtoto wake, alafu kusema jamii imekubali. Kama maamuzi ni ya mkutano wenye muhtasari na sahihi za watu mia mbili, huyo mmoja hawezi kuwauza.

Fuata pesa

Kampuni ndogo inayokata haijali jina lake. Anayeikopesha anajali, na anayenunua mbao anajali zaidi. Tafuta nani kafadhili. Ikiwa ni Benki ya Dunia kuna Jopo la Ukaguzi lililoanzishwa 1993, watu wawili walioathirika wanatosha kupeleka malalamiko. Ikiwa ni tawi lake la sekta binafsi, IFC, kuna ofisi ya malalamiko inaitwa CAO, nayo inapokea barua kutoka kwa wananchi moja kwa moja na sio lazima iwe Kiingereza. Ni taratibu, miaka inapita, ila mkopo ukiwa bado haujatolewa barua yenye ushahidi inaweza kuwafanya wasite, na kusita kwa benki ni msimu mzima wa mvua umepita bila katapila.

Kwa wanunuzi, Marekani tangu 2008 sheria yao ya Lacey inakataza kuingiza mbao zilizokatwa kinyume cha sheria za nchi zilikotoka. Ulaya wana sheria ya 2023 inayokataza mbao, kahawa, kakao, mawese, soya, mpira na ng'ombe kutoka ardhi iliyofyekwa baada ya 31 Desemba 2020, tarehe ya kuanza kutekelezwa imesogezwa zaidi ya mara moja kwa hiyo usiitegemee peke yake, na madini hayamo kabisa. Lakini koodineti zako zenye tarehe ndo kitu wanachohitaji wakaguzi wao, kwa hiyo lile daftari lina kazi mara mbili.

Mahakama, na kusimama barabarani

Kesi ina maana kubwa zaidi kama unaomba zuio la muda kabla kazi haijaanza. Miti ikishalala jaji anaweza kukupa haki na hakuna cha kurudisha. Muda wa kukata rufaa dhidi ya kibali unaweza kuwa mwezi au mbili, kwa hiyo wakili mtafute wakati wa maoni, usisubiri kibali kitoke. Ukikosa hela kuna mawakili wa mazingira wanaojitolea, hao wanapenda faili lililopangwa, ukiwapelekea picha mia nne zisizo na tarehe hawatakujibu. Soma katiba ya nchi yako, nyingi zina haki ya mazingira safi na salama. Ecuador iliweka haki za asili kwenye katiba ya 2008, na mwaka 2021 mahakama yao ya katiba ikafuta vibali vya uchimbaji kwenye msitu wa ukungu wa Los Cedros kwa hoja hiyo hiyo.

Kuziba njia kwa miili yenu naiweka mwisho kabisa. Wapenan, wenyeji wa misitu ya Sarawak kule Malaysia, walifanya hivyo 1987, Canada kule Clayoquot Sound 1993 walikamatwa zaidi ya watu 800, na Fairy Creek, huko huko Canada, ambapo ugomvi ulianza 2020 kwa sababu hiyo hiyo ya barabara kuingia bonde ambalo halijakatwa, waliokamatwa walipita 1,000. Inaleta kamera na inanunua siku kadhaa, na kama hakuna kesi wala barua zinazotumia hizo siku, katapila linaendelea wiki inayofuata. Pia sio nchi zote polisi wanakamata tu. Shirika la Global Witness limehesabu watetezi wa ardhi na mazingira zaidi ya 2,100 waliouawa kati ya 2012 na 2023, na 2023 pekee walikuwa 196. Kwa hiyo msiende porini mtu mmoja mmoja, usirushe laivu ukiwa bado uko eneo la tukio, nakala za ushahidi zikae kwa mtu wa mji mwingine, usimkabili dereva wa lori usiku. Na usiandike "fulani ni mwizi" kama huna karatasi, andika "lori namba fulani lilitoka hapa saa fulani na hatukuonyeshwa kibali", hiyo ni salama zaidi na inauma zaidi.

Mkishinda

Shukuruni, alafu ulizeni ushindi umeandikwa wapi. Tamko la waziri kwenye mkutano linaisha waziri akihamishwa. Msitu wa Ebo wa Cameroon, mwaka 2020 amri ya kukata magogo ilifutwa mwezi Agosti baada ya wiki chache tu za kelele, watu wakafurahi, 2023 serikali ikaufungua tena sehemu kwa wakataji. Kanuni ni bora kuliko tamko ila nayo inafutwa na serikali inayofuata: msitu wa Tongass, Alaska, uliondolewa kwenye ile kanuni ya barabara 2020, ukarudishwa Januari 2023, na 2025 serikali ikatangaza inataka kuifuta kanuni yote, safari hii dirisha la maoni ya mwanzo likawa wiki tatu tu, linganisha na ile mikutano 600. Sheria ya bunge ni ngumu zaidi kufuta, na hati ya jamii iliyosajiliwa nayo ni ngumu, kwa hiyo mkipata ushindi wa chini anzeni siku hiyo hiyo kuomba wa juu yake.

Weka kwenye kalenda ya simu tarehe ya kuisha kwa kila leseni inayogusa msitu wenu, na nyingine miezi mitatu kabla, maana maombi ya kuongeza muda yanapita kimya. Soma gazeti la serikali kila linapotoka, gawaneni, kila mtu mwezi wake. Ile akaunti ya tahadhari za setilaiti isiwe kwa barua pepe ya mtu mmoja anayeweza kuhama au kupoteza simu, iwe ya kikundi, na nywila iwe kwa watu watatu.